Maiki Ndefu na Neno la Hemedi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Imefika! Maiki ndefu, nyeusi, ya bei poa. Wauzaji wa mtandaoni wanaiita maiki ya bunduki. Kuanzia leo mimi, Mfaume, mpiga video wa Mikindani, ni mtu mwingine.

Ijumaa shemeji yangu Shamimu anaolewa na video ni yangu. Jambo lenyewe si dogo. Baba mkwe, Mzee Jafari, alianguka akipunguza matawi ya mkorosho, akavunjika nyonga, na sasa yuko kitandani kijijini Kitaya, mpakani. Hawezi kuja. Simu nayo kule si ya kutegemea, mtandao unarukia Msumbiji katikati ya sentensi. Kwa hiyo ameagiza apelekewe sauti. Anataka kumsikia bwana harusi, Hemedi, akitamka "nimekubali", kwa masikio yake mwenyewe. Pilau na vigelegele, amesema, tubaki navyo.

Tatizo ni Hemedi. Hana sauti! Mtu mzima, mrefu, fundi wa kuchomelea mageti, lakini akikusalimia unabaki unamtazama midomo.

Mke wangu Tatu ameshauri tumwombe na Dercio arekodi, iwe tahadhari. Dercio! Fundi simu wa pale sokoni, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Palma, Msumbiji, na anayepiga video za watu kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nimemwambia Tatu kwamba ameolewa na mtaalamu. Ameendelea kuchambua mchele.

Jumanne, 12 Agosti

Majaribio. Nimechomeka maiki kwenye simu, nikamlenga muuza mihogo wa upande wa pili wa barabara. Nikarekodi, nikasikiliza. Pumzi! Pumzi nzito za mtu anayehangaika. Sikujua kama yule bwana ana pumu. Nikavuka kumpa pole. Akasema yeye haumwi, ila mimi ndiye ninayeonekana mgonjwa, nikae kwenye kivuli.

Nimelenga msikiti. Pumzi. Nimelenga mbuzi wa jirani. Pumzi zile zile. Mbuzi naye?

Mwisho nikasema "nimekubali" mwenyewe, kwa majaribio tu. Safi kabisa! Kila herufi imeingia. Basi nadhani nimeelewa: maiki mpya humzoea mwenyewe kwanza. Hemedi itamzoea baadaye.

Jumatano, 13 Agosti

Upepo wa kusi umeamka vibaya. Rekodi nzima ni vuuu mwanzo mpaka mwisho. Nimesoma kwamba maiki huvalishwa manyoya ili upepo usiingie. Manyoya ya dukani yatoke Dar, yafike lini? Nikafikiri. Nikafungua kabati. Wigi la Tatu, jeusi, la mawimbi. Tangu Idi sijamwona amelivaa. Nikakata kidogo nyuma. Nikakata na mbele, ili palingane.

Kumbe alikuwa amelitunza kwa ajili ya harusi ya mdogo wake.

Aliyoyasema Tatu sitayaandika. Aliyasema mbele ya shangazi yake, Bi Halima, anayesimamia harusi nzima, ambaye akaniuliza kama nina akili timamu. Akasema haulizi kwa ubaya, anataka kujua tu. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Kinachonishangaza ni hiki: nimerekodi na wigi, vuuu. Nimerekodi bila wigi, vuuu ile ile. Sielewi. Nimeongeza nywele.

Alhamisi, 14 Agosti

Dercio amekuja. Aliitwa na nani? Najua aliitwa na nani.

Ameshika waya wa maiki, akaitazama ncha inayochomekwa. Akasema ina mistari miwili, hiyo ni ya kamera. Simu inataka yenye mistari mitatu. Kwa waya huu simu haijui hata kama kuna maiki. Siku zote hizi imerekodi kwa kitundu chake chenyewe cha sauti, chini ya pua yangu.

"Kaka Mfaume, ulikuwa unajirekodi wewe unavyohema," akasema, kwa upole. Huo upole ndio ulioniuma.

Nikamwambia nilikuwa napima kama anajua. Akatoa mfukoni kiunganishi kidogo, akachomeka. Nikamlenga tena muuza mihogo. Sauti yake imekuja kwa mbali, akibishana na mteja. Jogoo aliyekuwa kwenye ukuta nyuma yake amekuja vizuri kuliko yeye! Nimechoka kuelewa.

Dercio akaeleza bila kuulizwa. Maiki hii haivuti sauti ya mbali, akasema. Inapunguza za pembeni tu. Kilicho mbele yake chote kinaingia, aliye karibu na aliye nyuma yake, na mwenye kelele ndiye anayeshinda. Nimsogelee Hemedi mpaka urefu wa mkono, nilenge kidevu, na nihakikishe nyuma yake kuna ukuta mtupu.

Nimemsikiliza kwa heshima zote. Lakini hii ni bunduki. Nani huenda kumshika ndege mkono ndipo ampige? Tatu alikuwa anatikisa kichwa kukubaliana naye. Nimehifadhi hilo moyoni.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku yenyewe. Baada ya sala, wanaume tumekaa barazani kwa Bi Halima, mikeka imejaa mpaka kwenye ngazi. Hemedi kwenye kanzu mpya, jasho tupu. Sheikh mbele yake. Nyuma yake dirisha lenye pazia.

Kwa ajili ya amani ya nyumba yangu, niliamua kufuata ushauri wa Dercio. Nikasogea. Nikanyanyua maiki juu ya kichwa cha Hemedi.

Sheikh akakatiza maneno yake. Akauliza kile ni nini. Nikasema ni maiki. Akauliza mbona ina nywele za mwanamke. Nikaeleza kwamba si nywele za kweli, ni za kiwandani. Akauliza ni za nani. Nikasema za mke wangu.

Hapo sikueleweka kabisa. Kuna mzee akasema astaghafiru. Sheikh akasema hawezi kufungisha ndoa na nywele za mke wa mtu zikining'inia juu ya bwana harusi. Nizivue. Nikasema nikizivua upepo utaingia, na Mzee Jafari kule Kitaya hatasikia kitu. Akasema basi niende nazo mbali. Nikavuka uchochoro, nikasimama kwenye baraza ya nyumba ya pili.

Na pale nikafurahi! Umbali wa haki. Nikalenga juu ya bega la sheikh, moja kwa moja kwenye mdomo wa Hemedi. Nikaona midomo inacheza. Mikono ikashikana, vigelegele vikapasuka ndani. Nimelipata neno!

Dercio alikuwa amekaa mkekani, mikono mitupu, anakula tende. Nilimwonea huruma.

Jumamosi, 16 Agosti

Kitaya. Sijui niandikeje.

Tulifika mimi na Tatu, na spika ya kuazima. Mzee Jafari amelala chali, amekonda. Majirani wamejaa chumbani. Sikuwa nimesikiliza rekodi kabla. Sikuona haja.

Sheikh akasikika kidogo, huko mbali. Tukasubiri "nimekubali". Badala yake ukaja mlio wa mbuzi wa kukunia nazi. Masufuria. Bi Halima anauliza ni nani aliyetia chumvi ya kuua watu. Jirani mmoja akacheka, akaacha. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee alikuwa ananitazama tu. Miaka yote ameona ninavyoshindwa, na hili ndilo moja aliloniomba.

Kisha, wazi kabisa, sauti ya Shamimu. Kumbe alikuwa ndani, nyuma ya lile pazia.

"Shangazi, leo nani anamgeuza baba kitandani? Si wote mko huku?"

Na Bi Halima: "Nyamaza, mwali, utaharibu wanja."

Kisha kilio kidogo, halafu vigelegele.

Tatu alifungua pochi yake, akatoa simu. Kumbe jana asubuhi Dercio alimwekea Hemedi simu hiyo ndogo kwenye mfuko wa kanzu, kifuani, na mimi sikuambiwa. Akabonyeza. "Nimekubali." Limenyooka! Nilikuwa sijui kama Hemedi ana sauti nzuri hivyo. Mzee akasema alhamdulillahi.

Halafu akaomba irudiwe ile yangu.

Tukairudia. Na chumvi, na nazi, na vyote. Ilipofika kwa Shamimu akageuzia uso ukutani. Akaomba tena. Jirani aliyebaki kumwangalia siku ya harusi akasema kwa sauti ya chini kwamba alimgeuza yeye, binti aambiwe asihofu. Mimi nililia, na sijui vizuri kwa nini. Aibu ilikuwamo, lakini haikuwa peke yake.

Wakati wa kuaga mzee akanishika mkono. Hajawahi. Akaniuliza nilijuaje kwamba mtoto alikuwa nyuma ya pazia. Nikasema ni uzoefu. Tatu alinitazama mpaka nikaangalia viatu.

Jumatatu, 18 Agosti

Siku mbili nimetafakari, na sasa picha nzima imekaa sawa.

Dercio alirekodi kwa karibu, akapata neno moja. Mimi nilirekodi kwa mbali, nikamliza mzee mzima. Siri ni umbali! Nimemweleza Dercio haya pale dukani kwake. Akaniomba, tafadhali, nisimwambie mtu kwamba nimefundishwa na yeye. Wivu. Nimemsamehe.

Mama yake Hemedi amepiga simu, anataka video asikie sauti ya mwanawe. Nimempelekea. Amepiga tena kusema anasikia nazi tu. Nimemshauri asikilize kwa utulivu.

Nimepata na kazi nyingine! Mahafali ya watoto wa chekechea, Mtwara mjini. Mwalimu mkuu anasema kila mtoto atataja jina lake, na wazazi wanataka kuyasikia majina yote. Amenionyesha nafasi mbele kabisa, karibu na jukwaa. Nimemshukuru, nikakataa. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kituo cha bajaji, kuna ghorofa. Nimeshaongea na mlinzi, amesema juu ya paa naruhusiwa.