Kengele Iliyolia Saa Saba

Jumanne, 15 Oktoba

Kwihara. Joto la kuchoma. Na Masolwa anakuja kesho!

Dada Recheli ndiye aliyemwita, aje afunge kengele ya joto jikoni, ile inayounganishwa na umeme wa nyumba na kulia joto likizidi. Kisa ni mimi. Agosti niliacha maharage motoni nikaenda kusikiliza mpira, ukuta ukaungua hadi dirishani. Tangu hapo dada halali vizuri.

Lakini kwa nini Masolwa? Mafundi umeme wamejaa Tabora mjini. Huyu amefiwa na mke, anaimba besi kwaya moja na dada, na mara ya mwisho alibadilisha swichi moja kwa saa tatu. Dada naye ni mjane. Wakioana atahamia kwake Gongoni. Nina miaka arobaini na sita. Nani atanisongea ugali? Na firigisi je? Tangu shemeji afariki, kuku akichinjwa nyumba hii, firigisi ni yangu mimi, Festo.

Kengele dada ameshainunua. Nitaifunga mwenyewe. Nimemwandikia Masolwa ujumbe: Recheli anasema usije, wala usijihangaishe tena. Safi kabisa!

Jumatano, 16 Oktoba

Nimefunga! Dada alikuwa sokoni. Nilizima swichi kubwa, nikaunga nyaya na za taa ya jikoni. Karatasi inasema ifungwe kwenye dari. Dari hatuna, tuna bati. Nikaipigilia kwenye mbao, juu kabisa, imegusana na bati. Misumari mitatu ilipinda, si neno. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia. Kelele zake! Mbuzi wa jirani alikata kamba.

Dada aliporudi nikamwambia Masolwa alikuja, akafunga haraka haraka, akaondoka. Akauliza kama hakuacha hata salamu. Nikasema hakuacha. Akachukua kikombe kilichokwisha oshwa, akakiosha tena.

Sikupenda nilivyojisikia. Nikala, nikalala.

Alhamisi, 17 Oktoba

Saa saba mchana ikalia. Moto hakuna!

Hapa Kwihara yowe ni yowe. Ukilisikia unaacha ulichoshika, unakimbia. Walikuja na ndoo, majembe, matawi mabichi. Bibi Zuwena, ambaye goti lake limevimba tangu Pasaka, alikuja akichechemea na sufuria ya maji. Wakatukuta mimi na dada tunakula. Mzee Jilala, mwenyekiti wa kitongoji, akauliza nani kaifunga. Nikampa shikamoo kwanza. Hakuitikia, akauliza tena. Nikasema Masolwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Saa saba, tena! Na Bibi Zuwena akaja tena! Akaanguka mlangoni, maji yote yakamwagika. Nilimwinua nikiona aibu kweli.

Mzee Jilala akapanda kwenye stuli, akagusa bati, akautoa mkono upesi. Akasema ni jua tu, na fundi gani huyo anayeweka kitu cha kupima joto chini ya bati Oktoba. Kisha akakumbusha kwamba nyumba inayopiga yowe la uongo huwalisha waliokimbia. Jumapili, baada ya ibada. Na Masolwa aitwe, ajieleze mbele ya watu.

Nimeikatia umeme, lakini nimechelewa. Dada atachinja kuku wake wote sita. Hakulalamika. Bora angenifokea.

Jumamosi, 19 Oktoba

Masolwa hakuonekana mazoezi ya kwaya. Dada alirudi mapema. Anasema huenda alimkosea kitu, ila hakijui. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Jumapili, 20 Oktoba

Watu arobaini uani. Masolwa alikuja. Mzee Jilala akamwonyesha kengele, akamuuliza kama ni kazi yake. Masolwa akaitazama, akanitazama mimi, akamtazama dada. Nikajua nimekwisha.

Akasema ndiyo, ni kazi yake, alikosea, anaomba radhi na ataitengeneza.

Mtu niliyemfukuza mimi! Nilitaka kusema ukweli, wallahi. Mdomo ulikuwa umejaa wali.

Dada akainua macho, akaiona ile misumari iliyopinda. Banda lake la kuku nililijenga mimi, misumari yangu anaijua. Akapakua kuku. Firigisi zote sita akazipanga kwenye sahani ya Masolwa, mbele ya Kwihara nzima. Mimi nikapewa shingo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Masolwa ameishusha kengele, kaitengenezea kipande cha dari. Saa saba imepita kimya.

Ndoa ni Desemba. Nimewaomba radhi wote wawili, na machozi yalikuwa ya kweli. Dada amenisamehe, ila nisithubutu tena kumsemea asiyoyasema. Nimeapa. Ninajuta sana. Amenilea tangu mama alipofariki, nami nilitaka akae mpweke ili nile vizuri.

Jioni nimesonga ugali mwenyewe. Mbichi. Nikakumbuka kwamba kwa Masolwa, Gongoni, kuna chumba cha uani hakina mtu.

Nimemwandikia ujumbe: Recheli anasema hahami bila mdogo wake.

Dada bado hajui. Atafurahi.