Baba Mkwe Anaingia Bila Hodi

Jumanne, 10 Juni 2025
Moses amenidharau mbele ya mke wangu! Huyu fundi simu wa jirani alikuja kuchukua nyimbo za kwaya kwenye seva yangu. Seva ni ile kompyuta kuukuu niliyoinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Inakaa sebuleni chini ya kitambaa alichokifuma Gwantwa, na ndani yake kuna kila kitu cha nyumba hii. Nikaiwasha. Dakika nne! Moses akasema inawaka kama lori linalosubiri kibali mpakani, na kwamba laptopu yake huchukua sekunde kumi. Gwantwa akacheka kutokea uani. Mke wangu wa ndoa!

Ikishawaka, inapiga yenyewe sauti ya marehemu baba. Nilimrekodi kule Itumba mwezi mmoja kabla hajafariki. Dakika kumi na mbili. Simu niliyomrekodia ilishatumbukia kisimani, kwa hiyo sauti tuliyobaki nayo ni hiyo tu. Huwa naizima dakika ya tatu, pale anapoanza kunisema.

Gwantwa huwa hayupo. Kwetu Undali mkamwana haonani na baba mkwe, hasemi naye, hakai alipo. Miaka tisa tuliyoishi na mzee alimpikia bila kumtazama usoni. Sasa mzee ni sauti tu, lakini feni ya seva ikianza kuvuma Gwantwa anaipua sufuria, anajifunga kitenge, anatoka uani. Nilimwambia marehemu hahesabiki. Akaniuliza nani kanipa ruhusa hiyo.

Jumapili dada Jenista anakuja kutoka Itumba na mjukuu wake mchanga, Gwamaka, aliyepewa jina la baba. Anataka mtoto amsikie somo yake. Nitamwalika Moses. Nitawasha mbele yake. Sekunde kumi! Subiri aone.

Jumatano, 11 Juni
Nimesoma mtandaoni. Rahisi mno! Unawasha huku unabonyeza F2, unaingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine. Hapo palikuwa pameandikwa Legacy, namna ya zamani ya kuwaka. Nimeiondoa, nimeweka UEFI, namna mpya. Nimehifadhi. Maelezo yalisema kwanza unakili vitu vyako vyote pembeni. Hayo ni ya watu waoga.

Saa kumi jioni. Kioo cheusi. Mstari mmoja mweupe unasema hakuna diski ya kuwashia. Nimezima, nimewasha. Mara kumi na moja! Kila mara Gwantwa anaipua maharage, anatoka uani, anasubiri, mzee haji. Mara ya kumi na mbili akauliza kutokea dirishani kama baba ni mzima. Nikasema anapumzika. Maharage hayajaiva mpaka sasa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemfuta baba. Sina namna nyingine ya kuliandika. Nimelia bafuni huku nimefungulia bomba. Jenista kapiga simu, anasema amemfumia mtoto kofia ya sufu maalumu ya kuja kumsikiliza babu. Nikasema vizuri sana. Moses akachungulia mlangoni, nikamwambia seva iko kwenye matengenezo.

Mchana nikashindwa, nikamwambia Gwantwa ukweli. Nilijua atafoka. Hakufoka. Alijifunika uso kwa kitenge, kisha akasema kila siku alikuwa akitoka uani kwa ajili ya mzee, na sasa akitoka atakuwa anampisha nani. Nikaona aibu, aibu kweli. Baadaye akajifuta machozi akasema mimi huandika kila upuuzi wangu kwenye daftari hili, basi nikasome nilichokigusa nikakirudishe.

Nimesoma ya jana. Nimebonyeza F2, nimerudisha Legacy. Feni ikavuma. Gwantwa mbio uani! Dakika nne nzima sikupumua. Halafu baba akasalimia kwa Kindali, na kikohozi chake kilekile. Nimepiga magoti mbele ya meza. Leo nimemwacha hadi dakika ya tatu na nusu.

Jumamosi, 14 Juni
Nimemeza kiburi, nimemwita Moses. Akasema hakuna kilichofutika. Diski imepangwa kizamani na namna mpya haiwezi kuwasha kutoka humo, basi. Tukanakili kila kitu kwenye flashi mbili. Moja nikampa Gwantwa aifunge kwenye pindo la kitenge, mahali pa usalama kuliko pote nyumbani. Akakataa katakata! Baba mkwe hafungwi kiunoni. Kaiweka ndani ya Biblia, kwa kutumia kibanio cha nguo.

Ndipo Moses akaupanga mpango wa diski kwa namna mpya, akatenga kipande kidogo cha kuwashia, tukaweka UEFI. Sekunde kumi na moja! Nimeruka sebule nzima. Gwantwa hakufurahi. Aliuliza sasa yeye atatoka saa ngapi. Nikamwambia akaze mwendo.

Jumapili, 15 Juni
Jenista, mtoto na kofia yake, Moses. Wote wamekaa. Gwantwa akaingia na sinia la chai na viazi vitamu, na mimi, kwa kiherehere changu, nikabonyeza. Hajafika katikati ya sebule, baba huyo! Gwantwa akachuchumaa nyuma ya kochi, sinia mikononi, kitenge kichwani. Nikaruka kuzima. Kipanya kimekwama! Nikashika waya wa umeme, Jenista akanipiga mkono.

Dakika ya tatu ikafika. Baba akanisema. Baiskeli niliyoifungua, redio niliyoifungua, paa nililolifungua masika, vyote nikashindwa kuvirudisha. Jenista akawa anamtafsiria Moses, ambaye ni Mnyiha na hajui Kindali, bila kuruka hata neno. Moses alicheka mpaka akashuka kwenye kiti.

Dakika ya kumi sikuwahi kuifikia maishani. Baba akasema mkamwana wake hajawahi kumwona uso, ila kila asubuhi alimjua kwa uji wake. Akasema yeye akishaondoka, mkamwana aambiwe kwamba mzee alishiba.

Miaka minne ujumbe huo umekaa humo, na mimi nazima! Moses akaacha kucheka. Nyuma ya kochi vikombe vikawa vinagongana kwenye sinia. Kisha nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tangu nimwoe. Gwantwa alimjibu. Alisema asante, baba. Taratibu sana. Nimelia mbele za watu, na sijali.

Jumatatu, 16 Juni
Gwantwa kaomba kitu kimoja tu. Anataka dakika zake nne. Si za kukimbia tena, ni za kuvaa kitenge kizuri na kukaa uani karibu na dirisha, amsikilize mzee kwa adabu hadi mwisho. Kwa mke huyu nitafanya lolote!

Moses kaniambia nisiguse kitu, atakuja jioni aicheleweshe sauti tu. Jioni ya nini? Dakika nne ni Legacy, na Legacy naijua. Flashi yangu, ile ya pili, nimeshampa Moses ajazie nyimbo za kwaya. Haidhuru. F2. Nimehifadhi.

Kioo cheusi.

Gwantwa yuko uani na kitenge chake kipya. Ameuliza kutokea dirishani kama nimeshasoma daftari.