Kiti cha Mbele cha Mashua ya Delbert

Jumatano, 3 Aprili

Tumefika Ziwa Wihatka saa kumi jioni, baada ya saa sita barabarani kutoka Alabama, mashua ikija nyuma ya gari. Ziwa geni kwetu sote. Pana kuliko mashamba ya pamba ya kwetu, lakini kina chake hakipiti kiuno. Tumekuja kuvua besi, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana, ambaye wanaume wazima wa kwetu humwota hata kanisani. Mimi humwota zaidi ya wote.

Sheria yetu ya kila Aprili haijabadilika. Atakayepata besi mzito kuliko wote hukaa kiti cha mbele mwaka mzima. Wa mbele huendesha mota ndogo, huchagua njia, hutupa ndoana kwanza. Wa nyuma hutupa penye samaki waliokwisha kutishwa. Shemeji yangu Delbert, aliyemwoa dada yangu Nelda, amekaa mbele miaka kumi na mmoja. Mimi nyuma, miaka hiyo hiyo. Kisogo chake nakijua kuliko Nelda anavyokijua. Woodrow, shemasi wa kanisa letu, hukaa katikati na kutuombea sote.

Nina miaka sitini na minane. Nataka kukaa mbele kabla sijafa. Nimeomba kikubwa?

Mbinu ya kwanza imefanyika. Nimempa Bibi Earlene, mwenye duka la chambo, pai ya njugu ambayo Nelda alimpikia mumewe. Akaninong'oneza kwamba besi wakubwa wanataga kwenye mfereji mwembamba wa kaskazini, chini ya mti ulioinama. Delbert ameuliza pai iko wapi. Nimesema barabara ilikuwa mbaya.

Alhamisi, 4 Aprili

Maji yametulia hata mawingu yanaonekana chini yake. Yungiyungi kila mahali. Unatazama chini unaona mchanga mweupe, nyasi zikilala upande mmoja, kivuli cha samaki kikipita bila haraka. Nilisahau kutupa ndoana kwa nusu saa nzima. Nilikuwa naota nimekaa mbele, upepo usoni, Delbert nyuma akiniuliza kwa adabu twende wapi.

Delbert anacho chombo kipya cha kupimia kina. Kimesoma futi tatu asubuhi, futi tatu mchana, futi tatu jioni. Woodrow alimwambia hata kijiti kingemwambia hayo.

Mbinu ya pili. Delbert hajapata kukubali shauri langu tangu siku ya harusi yake. Kwa hiyo nikausifu upande wa kusini kwa nguvu zote, ili akatae na atupeleke kaskazini. Akageuka, akasema, "Shemeji, leo umesema la maana." Tukaenda kusini! Akapata wanne. Mkubwa wao ratili saba. Mimi nimepata tawi.

Ijumaa, 5 Aprili

Kila mvuvi wa kwetu anajua kwamba ndizi haipandi mashua. Samaki hukimbia, mota hufa. Woodrow hakubali hata mafuta ya kukinga jua yenye harufu yake, na hiyo ni imani ya shemasi. Basi alfajiri nimetia ndizi moja mbivu kwenye mfuko wa pembeni wa begi la Delbert. Mkosi umwangukie yeye, ratili zake saba ziwe za mwisho. Nilijisikia mwerevu mpaka kama saa mbili.

Saa mbili mota imezimwa na nyasi. Saa tatu tumekwama matopeni. Delbert ameshuka na upondo, akazama mpaka magotini, kiatu kimoja kikabaki huko. Hakuna aliyepata hata dagaa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mashua ni moja na sote tumo ndani yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Delbert alipokuwa bado matopeni nikaichomoa ndizi, nikajifunika jaketi la kuokolea, nikaila kwa matonge mawili. Ganda nikalitia mfukoni. Kulitupa majini nisingethubutu, lingeelea. Woodrow akainua pua. Akauliza, "Ndugu Harlan, nanusa nini?" Nikasema yungiyungi. Akasema ya hapa yana harufu ya ajabu.

Adhuhuri tulikula karanga za kuchemsha kivulini. Delbert alikuwa anasugua goti lake. Alitaka kuniambia jambo, nikadhani ni pai, nikajifanya nimesinzia. Kisha nikasinzia kweli.

Jumamosi, 6 Aprili

Sijui niandike vipi.

Ukungu asubuhi nzima. Ziwa na mbingu kitu kimoja, mashua inaelea katikati kama haina pa kwenda. Hatukuona umbali wa hatua kumi. Korongo mmoja akatokea, akatutazama, akapotea. Tulikuwa tunanong'ona bila kujua kwa nini. Na kutoka kwenye huo ukungu, mti ulioinama! Mfereji mwembamba! Sikuwa nimesema neno.

Mfereji haukuwa na nafasi ya kugeuza mashua. Delbert akasema tukiingia kwa mbele hatutoki. Akaizungusha pale mlangoni, akaiingiza kinyumenyume kwa upondo. Kinyumenyume! Tezi ikawa omo, nyuma ikawa mbele. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja sikuwa naona kisogo cha mtu. Maji tu, meupe, hayajaguswa. Nilitaka kulia.

Nikatupa. Chambo kilizama taratibu. Mshipi ukaenda pembeni, kimya, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Nikavuta. Lo! Aliruka mara mbili, yungiyungi yakapasuka, Woodrow akaita majina ya manabii, Delbert akapiga kelele usilegeze, shemeji, usilegeze! Yeye mwenyewe ndiye aliyemtia wavuni. Mizani ikasoma ratili tisa na nusu. Nikambusu samaki kichwani, nikamrudisha majini. Akakaa kidogo kando ya mkono wangu, kisha akaenda zake.

Machozi yakanitoka. Nikaingiza mkono mfukoni nitoe leso.

Likatoka ganda. Jeusi, limekunjamana, likaangukia kiatu cha Woodrow.

Woodrow aliliokota kwa vidole viwili. Kisha akauliza lini, nikasema jana, akauliza kwa nini, nikamtazama Delbert. Woodrow akahukumu kwa sauti ya mimbarini: mwenye kupandisha ndizi hukaa nyuma mwaka mzima, hata angevua nyangumi. Akaongeza kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi hata ngamani, kule katikati, sifiki. Ni tezi kwa tezi.

Delbert hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema goti lake halimruhusu tena kusimama mbele. Alisema alikuwa ameamua tangu nyumbani kuniachia kiti, nivue nisivue, na jana alitaka kuniambia nikalala. "Sasa nikupeje, shemeji? Ndizi hii ilikusudiwa kwangu." Akampa Woodrow kiti. Woodrow alikubali upesi kuliko unyenyekevu unavyoruhusu.

Nimeona aibu. Kweli nimeona aibu.

Jumapili, 7 Aprili

Tunarudi. Woodrow ametuombea wote barabarani, mimi kwa jina. Kisha akaeleza jinsi atakavyoiendesha mota mwaka ujao. Nimekaa kiti cha nyuma cha gari, namtazama kisogo. Kina mikunjo mitatu. Nitakijua vizuri.

Mashamba yanapita, jua la asubuhi linapiga kioo, na nimefikiri sana juu ya maisha yangu. Nimeona hivi: mwenye kupandisha ndizi hukaa nyuma. Sheria ni ya Woodrow mwenyewe, ameitamka mbele ya shahidi. Na begi la Woodrow lina mifuko sita.

Tulipotia mafuta nimenunua ndizi mbili, za kufanyia mazoezi. Moja nimeila njiani. Ganda nimelitia mfukoni kwa muda.