Jeep iliyokataa kufikisha Masika kanisani

Leo haya yangu imeonekana na parokia nzima. Naandika mwenyewe, kabla Muhindo, jirani yangu, hajaandika yake.

Wengi munajua jeep yangu ya kijeshi, ile askari ba wakati wa Zaïre baliacha kwetu Kalunguta bakikimbia. Kuku balilala ndani miaka mingi. Mimi nikaifufua, nikaipaka rangi, nikaileta Butembo. Nikaapa: siku Masika, binti yangu wa kwanza, ataolewa, hapana gari ya kukopa. Baba yake atamufikisha kanisani na jeep yake. Ukoo muzima ulisikia.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Tukatoka Bulengera vizuri. Masika na rinda yake nyeupe nyuma, mama yake pembeni, fundi Kambale karibu na mimi (nilimuchukua kwa usalama, kumbe nilichukua muzigo). Hata hatujafika barabara kubwa, moteur ikakohoa, ikakufa.

Nikajua mara moja. Muhindo. Yule jirani mwenye pikipiki. Wiki hii nilimushuku ananyonya essence yangu, mafuta ya gari, ndiyo maana nilifunga kifuniko cha tanki na mupira ya chambre à air, ile ya ndani ya tairi, nikakaza mpaka jasho. Nikainua kiti changu, tanki iko pale chini yake, nikafungua, nikachungulia. Tanki imejaa. Nikafunga tena, nikakaza zaidi. Wakati huo Kambale alikuwa anapuliza carburateur.

"Jaribu sasa, muzee."

Ikawaka. Kambale akapanguza mikono kama daktari.

Kwenye mulima ikakufa tena. Donc ni Paluku, yule anauzaka essence ya chupa pale kona. Ametia maji. Nikafungua tanki, nikanusa, nikamutukana Paluku kwa simu, yeye na chupa zake. Harufu ya maji hapana (maji iko na harufu gani, hata sijui). Nikafunga, nikakaza. Kambale alikuwa amebadilisha bougie, ile plagi ya moto. Ikawaka.

"Sasa imepona," akasema.

Ikapona mpaka sokoni. Kanisa inaonekana, kengele inalia, na sisi tumekwama katikati ya bamama banauzaka nyanya. Askari mumoja akapita, akapigapiga jeep mugongoni.

"Vieux, hii nayo inangojea mushahara kama sisi?"

Soko yote ikacheka. Wakati wa vita mimi niliponyoka masasi, nikalala porini na batoto, lakini siku ile hapana mutu alinicheka.

Pikipiki ikasimama. Muhindo, na shati ya arusi.

"Baba Masika, mutoto anachelewa. Apande."

"Wewe ndiye umeua jeep yangu."

"Mimi? Jeep hii hata kuku balihama."

Masika hakungoja tumalize. Akakusanya rinda, akapanda. "Papa, utanikuta." Bakaenda.

Ndipo bibi yangu, mama yake Masika, akauliza, na ile sauti yake ya kanisa:

"Baba Masika, bidon ya mawese, mbele ya kumimina, unaifanyaka nini pale juu?"

Mimi nauzaka mawese. Nimezeekea ndani ya mawese. Nikajibu na hasira: "Naitobolaka kitundu, hewa iingie. Bila hewa mafuta itatoka namna gani?"

Akaangalia kiti changu.

Nikafungua mupira. Kifuniko kilikuwa na kitundu chake cha hewa, kadogo, na mimi ndiye nilikiziba. Tanki ikavuta pumzi, fyuuu, kama muzee anavuta kasiksi, pombe ya ndizi, kwa murija. Kambale akajifanya anatafuta ufunguo chini. Nikawasha. Ikaitika bila fundi.

Nilifika kanisani mupira ingali mukononi. Masika alikuwa tayari anatembea kwenda altari, ameshika mukono wa Muhindo. Padri akamuangalia Muhindo, akasema: "Asante, baba wa bibi-arusi."

Muhindo akainamisha kichwa. Akapokea asante yangu.

Basi. Nimetaja Kambale, nimetaja Paluku, nimetaja Muhindo. Mwenye kosa wa ine, yule alikaza mupira, munamujua, hapana lazima nimutaje. Atakayecheka, nitaandika na jina lake.