Programu Iliyonizungusha na Jirani Yangu

Kaloleni, Voi
Jumatano

Bwana Sylus, mtengenezaji wa programu ya orodha ya waliohamishwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kiti chako bado kinazunguka.

Orodha ya watakaorudishiwa mashamba kule juu Mwanda inafungwa Ijumaa. Nimeingoja miaka thelathini na tisa, na jina langu halimo. Nalalamika hivi:

1. Fomu yenu ilidai kila mtu ataje jirani wa kumshuhudia mpaka. Nilimtaja Zipporah, kwa kuwa minyaa yake na yangu ni ua mmoja. Naye akanitaja mimi. Angemtaja nani, nyani?

2. Programu ilipotakiwa kuniandika kwenye faili, iliniandika mimi, na ndani yangu ikamwandika shahidi wangu Zipporah mzima mzima, na ndani yake shahidi wake, yaani mimi Danson, na ndani ya Danson, Zipporah tena. Ikaendelea hivyo hadi mashine ikaishiwa pumzi na kututupa sote wawili. Hata mbuzi anayejizungusha kigingini hufika mahali kamba ikamwambia basi.

3. Karani wako alinishauri nimfute Zipporah. Nikimfuta, mpaka wangu hauna shahidi. Kwa akili hiyo, mwambieni kila mume amkane mkewe na kila mtoto asimjue mamake, ili faili lenu lipate usingizi.

4. Kisha wewe mwenyewe, kwa ukarimu, ukasema kila mtu aandikwe mara moja tu, na kwingineko iwekwe namba yake. Mwanamke aliyenigawia maji yake ya mwisho siku tuliyoshushwa kwa lori, leo awe 214? Nilihamishwa nikapoteza shamba. Sitahamishwa tena nipoteze jina la jirani.

Naomba basi tuandikwe kikamilifu, kila mmoja ndani ya mwenzake, kabla ya Ijumaa. Karatasi ikipungua, ongezeni.

Nisalimie karani, mlinzi wa mlangoni, na mama yako, ikiwa programu inakuruhusu kuwa naye.

Ni mimi niliyengoja,
Danson Mwakisachi

Baada ya sahihi: Zipporah naye ameandika barua, na anataka yangu yote iwe ndani ya yake. Mimi nataka yake yote iwe ndani ya yangu. Kila mmoja akimaliza kunakili, ya mwenzake imerefuka. Tuko kwa Moureen wa fotokopi tangu saa mbili asubuhi. Sasa hivi ametuuliza, "Wazee wangu, si muandike tu namba?"

Tumeandika. Mimi ni 213. Shahidi wangu ni 214. Tafadhali, isipite Ijumaa.