Chochote Kinachoota

Ilitangazwa kwa kipaza sauti kwamba kuanzia asubuhi hiyo hakuna mmea utakaoruhusiwa kuota ovyoovyo ndani ya mipaka ya mji. Idara ya Uainishaji wa Mimea ilikuwa imeukamilisha Waraka. Kila jani lingepewa kundi lake kwa sifa zake na kwa mazingira yake ya kukulia, na lisilo na kundi lingetafutiwa la kulitosha.

Afisa Mwainishaji alisimama nyuma ya bosi wake, Mkurugenzi, akapiga makofi mpaka viganja vikamuwasha. Alikuwa mtu wa utaratibu tangu utotoni. Hata kachumbari aliila kwa kufuata rangi. Ndiye aliyeuandika Waraka wote, isipokuwa kifungu kimoja alichokichomeka Mkurugenzi kwa mkono wake mwenyewe: “Chochote kinachoota mahali kisipopangiwa ni gugu, na kitang’olewa.”

Uzito wa kifungu hicho haukumfikia mpaka alipotumwa kukitekeleza. Nyuma ya jengo la Idara kulikuwa na kitalu cha miche, mifuko myeusi ya udongo imepangwa mpaka ukutani, na hapo ndipo Mkurugenzi alipotaka maegesho ya gari lake la pili. Mwenye kitalu alikuwa shangazi yake Afisa. Ndiye aliyemlea, na miche ileile ndiyo iliyomsomesha mpaka akajua kuandika nyaraka.

“Shikamoo, shangazi. Nimekuja kikazi.”

“Marahaba. Basi utakunywa chai kikazi. Kaa.”

“Siwezi kukaa. Naainisha.”

Akaanza na alizeti. “Hugeuka kumtazama mkubwa popote aendapo,” aliandika. “Daraja la kwanza.” Dungusi hakuomba maji na alikuwa na miiba, akaandikwa mkorofi asiye na gharama. Viazi vitamu vilikutwa vikiendesha mambo yao chini kwa chini, vikawekwa chini ya uangalizi.

“Na hiki?”

“Hicho kifauongo. Ukikigusa kinajikunja, kinajifanya kimekufa. Ukiondoka kinaamka.”

Afisa alikigusa. Kikafa. Akakisubiri kidogo, kisha akaandika: “Kina sifa za kiutumishi.”

Shangazi alimimina chai. “Sasa kwa jumla hawa wangu ni kundi gani?”

“Magugu, shangazi.”

“Mnanaa wangu ni gugu?”

“Tatizo si mnanaa, ni mahali. Haukupangiwa kuota hapa.”

“Na huo mpango ulikuwa wapi wakati nakununulia madaftari?”

Afisa alimpenda shangazi yake kuliko Waraka, na jambo hilo lilimtia aibu ya kikazi. Aliiacha chai ipoe, akaenda kwa Mkurugenzi kuomba kitalu kisamehewe.

Alimkuta amemsimamisha mlinzi mbele ya meza. Mlinzi huyo juzi alikataa kuosha gari la kwanza, na leo alikuwa amekutwa getini amefumba macho.

“Nilipitiwa kidogo, Mkuu,” alisema mlinzi. “Nikaota niko nyumbani nakula.”

“Ameota,” Mkurugenzi alimwambia Afisa. “Waraka unasemaje?”

“Mkuu, Waraka ulikusudia mimea.”

“Umeandikwa mimea, au umeandikwa chochote?”

“Chochote.”

“Na pale getini alipangiwa kuota?”

“Alipangiwa kulinda.”

“Basi ni gugu. Mng’oe. Na usinifundishe Kiswahili.”

Mlinzi aling’olewa mchana huohuo, na buti zake akazirudisha. Afisa aliuingiza uamuzi huo kwenye Waraka kama mwongozo wa kudumu: kuota ni kuota. Kuhusu kitalu, Mkurugenzi alisema kitang’olewa siku ya uzinduzi mbele ya mgeni rasmi, ili picha zitoke vizuri.

Siku hiyo ilipofika, turubai lilifungwa juu ya mifuko ya miche na viti vya plastiki vikapangwa katikati ya mnanaa. Vibarua walisimama pembeni na majembe mapya yenye utepe. Shangazi alikaa kwenye ndoo yake, mikono mapajani, akitazama miche yake kana kwamba inasafirishwa. Mgeni rasmi alikuwa Kaimu Katibu Mkuu, naye alikuwa na haraka.

Mkurugenzi alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti.

“Ndugu wananchi, siku kama ya leo nimeiota kwa muda mrefu. Mchana kutwa, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu pale ofisini, mimi naota.”

Afisa alitazama majembe, akamtazama shangazi, kisha akanyoosha mkono.

“Samahani, Mkuu. Umesema unaota?”

“Naota, tena makubwa.”

“Ukiwa kwenye kiti?”

“Kilekile.”

“Na kiti hicho ulipangiwa?”

Watumishi wote wakatazama viatu vyao. Walijua kwamba bosi wa zamani alikwenda likizo fupi akaacha koti kitini, na huyu akakaa mara moja tu kulilinda koti. Barua ya uteuzi haikuja kamwe. Koti lilikwisha kuliwa na nondo, yeye bado yupo.

Afisa alitoa daftari lake la uainishaji, akaandika huku akisoma kwa sauti. “Kimo: wastani, huongezeka mbele ya kamera. Shina: laini, hupinda kuelekea wakubwa. Mazingira ya kukulia: kivuli na kiyoyozi. Matunda: hayajaonekana. Mahali: hakupangiwa. Kwa mujibu wa mwongozo alioutoa yeye mwenyewe, ni gugu.”

“Mimi ni Mkurugenzi!”

“Waraka unasema chochote, Mkuu.”

Mgeni rasmi alicheka mpaka akajifuta macho. “Utaratibu ni utaratibu,” alisema. “Mng’oeni.” Vibarua, ambao hawakuwa wamelipwa posho ya turubai, hawakusubiri kuambiwa mara ya pili. Walimkamata mabegani na miguuni, wakamshusha jukwaani na kumweka kwenye udongo.

“Kijana,” mgeni rasmi alimpigapiga Afisa begani, “mtumishi mwadilifu kama wewe nilikuwa namwota tu.”

Afisa alifungua ukurasa mpya.

“Mheshimiwa unaota? Na wewe, kama sikosei, ni Kaimu?”

Mgeni rasmi aliwatazama vibarua. Vibarua walimtazama mgeni rasmi. Akakivuta kipaza sauti na kutangaza kwamba Serikali sikivu imekifuta kifungu cha magugu, papo hapo, kwa maslahi mapana ya uoto. Kisha akakumbuka kikao kingine na kuondoka bila kupiga picha.

Kitalu kikabaki. Tatizo likawa Mkurugenzi, kwa sababu yeye aling’olewa kifungu kikiwa bado hai, na Waraka haukueleza aliyekwisha kung’olewa anarudishwaje. Alikuwa amekaa palepale kati ya mifuko, suti imechafuka, akisubiri mtu amwinue.

Shangazi alimfuata na kopo lake la maji. Alimshika mkono, akamtikisa kidogo, akamchungulia chini.

“Mwanangu, kuniachia huyu kitaluni ni kunionea,” alimwambia Afisa. “Hapandiki popote. Miaka yote mnamwogopa, kumbe mizizi hana, aliwekwa juujuu tu.”

Akampita, akaenda kumwagilia mnanaa.