Swichi Iliyofia Sumbawanga Ikafufukia Muze

Naapa kwa dole gumba langu la kulia, ambalo nalihitaji kila siku kwa kusokotea tumbaku, kwamba haya yote yalitokea kama nitakavyoyasema, bila chumvi hata punje. Mhusika ni fundi mmoja aitwaye Kalisti, rafiki yangu wa karibu sana. Siku hizi hayupo mjini, msimtafute.

Kalisti alikuwa na gereji Sumbawanga enzi za ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na kila mwenye shemeji Dar akawa mfanyabiashara. Nasema gereji, lilikuwa turubai, kreti mbili za soda na kibao alichokiandika mwenyewe: FUNDI BINGWA WA MAGARI YA ULAYA. Ubingwa aliupata kwa kufungua vitu na kushindwa kuvifunga.

Asubuhi moja kikaingia kigari cha Kifaransa cha mwaka sitini na nane, mali ya zamani ya mapadri, kikitoa mvuke kama chungu cha pombe. Akashuka Mzee Ngeleja, Msukuma aliyehamia bondeni Muze na ng'ombe wake wote. Kalisti hakuona gari. Aliona mtamba.

Huyo mtamba lazima nimweleze. Kalisti alikuwa akimchumbia Debora, muuza mandazi wa stendi. Baba yake Debora, Mzee Sebastiani, alishapokea mahari yote isipokuwa mtamba mmoja, na alikuwa ametoa muda hadi Pentekoste. Ikipita, binti anaolewa na mvuvi wa Kipili mwenye boti mbili za mashine. Pentekoste ilikuwa imebakiza wiki mbili, na Kalisti hakuwa hata na mkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Gari linachemka. Nikipanda kona za Lyamba lya Mfipa nasimama mara nne. Abiria wangu wanashuka, wanatembea, wanafika kabla yangu."

Kalisti akafunua boneti, akainama kama daktari juu ya mgonjwa. Akachomoa nyaya mbili kutoka kwenye swichi ya feni, ile iliyofungwa chini ya rejeta, akaziunganisha kwa pini ya nywele. Feni ikazunguka. Kumbe feni nzima. Ubaya ulikuwa kwenye swichi yenyewe, au kwenye vichwa vya nyaya pale vinapoishika. Na vichwa vile vilikuwa na kutu ya kijani iliyonenepa. Kukwangua kwa kisu, dakika tano, malipo soda moja.

"Mzee," akasema Kalisti kwa huzuni, "swichi imefariki."

"Umejuaje?"

"Mimi nani hata niseme? Maji ndiyo yatasema."

Swichi ile kazi yake ni moja: hulala maji yakiwa ya baridi, huamka yakiwa moto sana, ikawasha feni. Kalisti akaifungua, akaining'iniza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, akaiunga na betri na balbu ndogo. Ikiamka, balbu itawaka. Maji yakatokota, yakaruka, yakamwagikia mkaa. Balbu kimya.

"Pumzika kwa amani," akasema Kalisti.

Hapa nitoe siri ya rafiki yangu. Sumbawanga iko juu mno. Maji yetu hutokota kabla hayajapata moto wa kweli, ndiyo maana maharage yetu humaliza kuni na bado yakagonga meno. Swichi ile ilitaka moto zaidi ya ule. Hata iwe nzima namna gani, kwenye sufuria ya Sumbawanga haiamki ng'o. Msidhani Kalisti aliligundua hilo kwa akili. Kwa miaka miwili alitupa swichi nzima saba, kwa moyo safi kabisa, mpaka ya nane ilipomponyoka ikadumbukia kwenye karai la mandazi la Debora, kwenye mafuta moto kuliko maji yoyote, huku nyaya na balbu vikining'inia. Balbu ikawaka kama Krismasi. Kalisti akaiokoa kwa mkono, akaungua dole gumba, akapata elimu.

Tangu hapo swichi za wateja zilipimwa kwenye maji, na "mpya" kwenye mafuta. Hizo mpya zilikuwa za mteja aliyetangulia, zimesuguliwa msasa.

"Mbona hii kwenye mafuta?" akauliza Ngeleja.

"Mzee, spea mpya haichovywi majini. Unanunua kiatu uanze kukanyagia tope?"

Balbu ikawaka. Ngeleja akapiga mluzi. Wakapatana mtamba mmoja, akachukuliwe Muze. Kalisti akafunga swichi, na kwa siri akakwangua ile kutu.

"Na ile maiti nipe," akasema Ngeleja. "Sisi hatutupi kitu."

Wakateremka pamoja, gari limetulia, Kalisti akiimba nyimbo za harusi.

Mke wa Ngeleja, Mama Mboje, alikuwa mkali wa hesabu za zizi. "Mtamba wangu kwa kidude hiki? Kimekufaje? Nionyesheni."

"Mama, maiti haichemshwi mara mbili," Kalisti akajitetea.

"Huku tunachemsha hata mara tatu."

Sufuria ya maji ikabandikwa motoni, betri na balbu vikachomolewa garini, na Ngeleja akaunga nyaya kama alivyoona. Joto la Muze mnalijua. Huko chini hata maji hayana haraka ya kutokota, hujipasha kwanza mpaka yaive. Balbu ikawaka.

Ng'ombe mmoja akakohoa.

"Imefufuka!" Kalisti akasema. "Hali ya hewa ya bondeni, mama."

"Basi kama bondeni inafufuka," akauliza Mama Mboje, "na sisi tunaishi bondeni, mpya tulinunua ya nini?"

Ngeleja akacheka mpaka akakaa chini. "Fundi, neno langu ni neno. Mtamba yule pale, mchukue."

"Ahsante mzee. Na kamba?"

"Kamba haikuwemo kwenye mapatano," akasema Mama Mboje.

Kalisti akavua mkanda wa suruali, akamfunga mtamba shingoni. Mkono mmoja ukavuta ng'ombe, wa pili ukashika suruali. Kwenye kona ya kwanza mtamba akakumbuka kwao, akarudi mbio na mkanda. Kalisti angeweza kumfukuza, lakini kwa mikono mingapi?

Alipofika kwa Mzee Sebastiani alilia machozi halisi: mtamba ametumbukia korongoni na mkanda wangu, baba, nusura nami nimfuate. Mzee akaitazama suruali isiyo na mkanda, akamhurumia, akamtoa Debora.

Hadithi iliishia hapo niliposimulia Jumapili iliyopita nyumbani kwangu. Watu walicheka, isipokuwa shemeji yangu Adolfu, mwana wa marehemu Sebastiani.

"Shemeji," akasema, "hebu nione hilo dole gumba."

Nikalificha kwenye tumbaku.

"Debora, dada yangu," akaendelea, "mumeo alikuoa akiwa na mkanda?"

"Alikuwa amejifunga katani," akajibu mke wangu, akinimiminia chai bila kunitazama.

"Miaka thelathini baba alimwombea yule mtamba kila Pentekoste, akimwita shahidi wa korongoni."

Nikasema hadithi ni hadithi, mengine nimetia chumvi. Adolfu akanikumbusha nilivyoapa.

Juzi asubuhi alibisha hodi, akidai mtamba wa baba yake. Nina mtamba mmoja tu zizini, mwekundu, wa kunitunza uzeeni. Nikamwambia kwa upole kwamba neno langu ni neno, mtamba yule pale, ila kamba haimo kwenye mapatano.

Adolfu alikuwa amekuja na kamba mbili.